Msumeno wa Watu Wawili

Msumeno wa kupasulia mbao unataka watu wawili, basi, hauna mjadala. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni chini yake. Wa juu anafuata mstari, wa chini anavuta na kula unga wa mbao. Ukiushika peke yako unapindapinda kama bati, na hata ukiutukana kuanzia asubuhi hadi jioni hautakata kitu. Nimewahi kujaribu kuushika peke yangu, na matusi pia nimeyajaribu.

Kwa miaka mingi mimi nilikuwa wa juu na kaka yangu wa chini. Kwa haki mimi ndiye niliyepaswa kula unga, maana yeye ndiye mkubwa, lakini tangu utotoni nilikuwa na kifua kibovu, naye akasema bora nisimame juu nikohoe hewa safi. Aliyetufundisha kazi ile ni mjomba wetu, mdogo wake mama. Tulipasua mbao za milango, za vitanda, za madawati ya shule, na mara chache mbao za kuzikia. Kwetu huku Uluguru wengi wakizikwa hufunikwa kwa fito mbichi zilizokatwa asubuhi ileile, kisha majani, kisha udongo. Baba alipofariki sisi tulimpasulia mbao. Mama alizipapasa kabla hazijapelekwa makaburini, akasema ni nzuri. Kabla ya hapo hakuwa amewahi kutamka neno lolote kuhusu kazi yetu, zaidi ya kulalamika kwamba tunaleta unga ndani.

Kisha kaka naye akafariki, kwa homa iliyoanza kama mafua. Msumeno ulikuwa na mikono yake miwili na mimi nilikuwa mmoja. Mjomba alikuwa safarini, hakukuwa na mwingine anayejua kazi ile, tukamfunika kaka kwa fito. Mama hakulia sana siku ile. Alikasirika. "Mpasua mbao mzima anafunikwa na fito," alisema, akaniangalia kana kwamba ningeweza kujigawa. "Mimi msije mkanifunika na fito." Nikautundika msumeno, nikashuka mjini, Kihonda, kutafuta kazi kwenye karakana ya milango na madirisha. Pale mashine ndiyo inayokata kila kitu na hakuna anayemhitaji mtu wa chini.

Masika ya mwaka juzi mlima uliteleza nyuma ya nyumba ya mama. Haukuteleza sana, wala haukutangazwa popote. Kipande kidogo tu cha ardhi kilishuka asubuhi wakati anachemsha chai, kikausukuma ukuta wa udongo ukamwangukia. Majirani walimchimbua akiwa mzima, tope limemjaa hadi masikioni, kikombe bado kiko mkononi. Nikapanda kwenda kumchukua. Tulimbeba kwa machela hadi barabara inapoishia, tukampakia kwenye gari, akaja kukaa nasi Kihonda, katika vyumba vyetu viwili, mimi na mke wangu.

Ubaya wa Kihonda ni kwamba milima unaiona. Kama ingefichika labda angesahau. Mke wangu alimwekea kiti barazani, na mama akageuza kiti kikaitazama Uluguru, akakaa hivyo toka asubuhi. Wapangaji wenzetu walimpita wakisema "Shikamoo bibi," naye aliitikia marahaba bila kugeuka. Alikuwa anakonda. Hospitali walimpima, wakampa vidonge, wakasema ni uzee. Jioni nikirudi na vumbi la karakana alikuwa na neno moja tu.

"Nipeleke nikalale kwetu."

"Mama, nyumba imeanguka."

"Jenga nyingine. Hata nikilala usiku mmoja tu, inatosha."

Nilimwambia nitamjengea ya udongo, ndiyo rahisi. Akakataa kwa mkono, kama anavyofukuza kuku. "Udongo umeshanionja mara moja," alisema. "Mara ya pili uningoje nife." Matofali ya kuchoma yasingewezekana, kwa sababu kule gari halifiki, na kupandisha matofali mgongoni kwa mtu mmoja ni kazi ya kichaa. Ikabaki miti. Na miti tulikuwa nayo: juu kidogo ya kiwanja cha mama kulikuwa na mikaratusi tuliyopanda na kaka tukiwa vijana, imesimama imenyooka, minene sasa kuliko kiuno changu.

Sikuwaza sana. Nikaomba ruhusa karakana, nikapanda kwenda kumwona mjomba, ambaye ndiye msimamizi wa ardhi ya ukoo. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikampa shikamoo yake, nikakaa, nikasubiri chai iishe, nikaeleza.

Alisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Ya udongo tutakujengea. Niite watu hata kesho."

"Mama hataki udongo, mjomba."

"Ya miti, hapana."

"Kwa nini?"

"Udongo unarudi kuwa udongo. Nyumba ya mbao inakaa. Wewe ukifa, wanao watakuja hapa waseme baba yetu alijenga."

Hapa nieleze. Kwetu ardhi inapita kwa mama. Shamba lile ni la ukoo wa mama yangu, kwa hiyo mimi ninayo haki ya kulilima na kulala hapo hadi kufa kwangu. Wanangu hawana. Wao ni wa ukoo wa mama yao, watu wa Gairo, na wakitaka ardhi waende huko. Kila mtu anajua hivyo, na kila mtu ameshaona mtoto wa kiume aliyejenga nyumba imara kwa mama yake, halafu wajukuu wakaing'ang'ania hadi watu wakafikishana barazani kwa mwenyekiti. Mjomba hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anailinda ardhi ya dada zake, ndiyo kazi yake. Lakini siku ile nilimwona ana roho mbaya kuliko binadamu wote.

"Ni kwa ajili ya mama tu," nilisema. "Wanangu hata njia ya kuja huku hawaijui."

"Leo hawaijui."

"Basi nisaidie kitu kimoja. Shika upande wa pili wa msumeno kwa siku chache, nipate mbao. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Akatazama viganja vyake, vimejaa makapi ya mahindi. "Mikono imezeeka," alisema, akaendelea kupukuchua. Na kwa kuwa yeye alikataa, hakuna mwingine kijijini aliyethubutu kukubali. Nilizunguka kwa vijana, nilizunguka kwa wazee, wote wakanikaribisha, wote wakaniuliza hali ya mama, na wote wakawa na shughuli.

Kwa hiyo nikaamua kujenga kwa magogo mazima, yasiyopasuliwa. Zamani niliwahi kwenda kufunga madirisha kwenye nyumba ya wageni upande wa pili wa milima, na kuta zake zilikuwa za magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine, kwenye pembe yanakatwa mapengo ili yakae yameumana. Hazikuwa na msumari. Nilijiambia kwamba hiyo ni kazi ambayo mtu mmoja anaweza kuifanya. Nilijidanganya, lakini siku ile nilihitaji sana kudanganywa na mtu, na sikuwa na mwingine wa kunidanganya.

Nilipandisha vifaa vya zamani: shoka, panga, tezo la kuchongea, patasi, nyundo ya mti na timazi. Msumeno nao nikaupandisha, sijui kwa nini, nikauning'iniza kwenye mti karibu na shimo letu la kupasulia, ambalo lilikuwa limejaa majani makavu. Ilikuwa kipupwe, asubuhi ukungu unaingia hadi ndani ya shati. Nilikuwa nalala kwenye kibanda cha majani, napika ugali mwenyewe, nakula mwenyewe.

Kuangusha mti ndiyo sehemu rahisi. Mti ukishalala unaumenya gome likiwa bichi, linatoka refu refu kama ngozi ya mbuzi, kisha unaliacha gogo likauke kidogo kivulini. Kibarua wangu alikuwa mteremko. Nililifunga gogo kamba, nikaizungushia kamba kwenye kisiki, nikaliachia lishuke polepole hadi kiwanjani. Siku moja kamba ilikatika. Gogo likanipita, likapita kiwanja, likapita njia, likaenda kulala katikati ya migomba ya mjomba. Alikuja akasimama, akaitazama migomba yake, akanitazama mimi juu kule.

"Mitatu," alisema, akaondoka. Ndiyo mazungumzo pekee tuliyofanya mwezi ule.

Wengine walipita njiani na kutania. "Unajenga zizi? Ng'ombe wanakuja lini?" Au, "Bwana kuni, utaziuza zote hizo?" Mwanzoni niliwajibu, na nilikuwa na majibu mazuri, nayakumbuka mengine hadi leo. Baadaye nikaacha kujibu. Mtu akifanya kazi ya watu wengi peke yake kwa muda mrefu, ulimi unachoka kabla ya mgongo.

Kunyanyua ndiko kulikonimaliza. Ukuta ukifika kiunoni huwezi tena kubeba gogo ukaliweka. Niliegemeza miti miwili ukutani kama ngazi isiyo na vidato, nikawa naliviringisha gogo juu yake kwa kamba. Navuta upande huu kidogo, naweka kabari, nazunguka, navuta upande ule kidogo, naweka kabari. Kama kuna mtu wa pili, kazi hiyo ni ya kuvuta pumzi mara mbili. Mimi ilinichukua asubuhi nzima kwa gogo moja, na gogo likifika juu naona pengo la pembeni sijalichonga sawa, inabidi nilishushe. Kuna siku nilikaa chini nikalia kwa sababu ya pengo. Nililia kwa hasira hasa, na baada ya hapo nikaendelea kulia kwa sababu ya kaka. Angekuwepo angeniambia nisogee, angeingiza bega lake chini, na tungekuwa tunakunywa chai.

Kuta zilipofika kifuani nilitoboa mlango, nikaupiga picha kwa simu, nikashuka Kihonda kumwonyesha mama. Alikuwa hakai tena barazani. Alikuwa amelala, na mke wangu alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Lakini aliposikia nyumba aliomba ainuliwe. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

"Mlango unaangalia wapi?"

"Bondeni, mama. Utauona mji wote."

"Mji nimeuona. Umenichosha." Akanirudishia simu. "Mlango uangalie njia. Watu wakipita wanisalimie, nijue nani mzima nani mgonjwa. Nikae mlangoni nikitazama bonde, nani atanisabahi? Tai?"

Sikuwa nimemwambia kwamba watu wake hawaji. Hakujua kwamba wale aliotaka wamsalimie walikuwa wanapita na kuniuliza habari za ng'ombe. Mke wangu alinitazama, nami nikatazama ukuta. Nikasema, "Sawa mama, utaangalia njia."

Ningeweza kutoboa mlango wa pili na kuziba ule wa kwanza kwa vipande. Fundi wa mjini angefanya hivyo. Lakini ukuta wa vipande hauna nguvu, na mama alishaangukiwa na ukuta mmoja. Nikaubomoa ukuta wa bondeni gogo kwa gogo, nikaangusha miti mingine, nikaimenya, nikaishusha, nikaupandisha upya. Kazi ile ilikula kiangazi chote kilichobaki. Nilipotoboa mlango upya upande wa njia, mawingu ya vuli yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya vilele mchana kutwa, na karakana walikuwa wameshampa mtu mwingine meza yangu.

Nilikuwa nimekata tamaa kwa wakati huo, nisiseme uongo. Nilikuwa nachonga kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono. Usiombe kufanya kazi huku unajua kwamba inakimbizana na pumzi ya mtu. Kila simu ilipoita niliacha iite kidogo kwanza. Mtandao ulikuwa unapatikana kwenye jiwe moja tu karibu na mkaratusi wa mwisho, nami simu nilikuwa naiacha hapo, ikiita naenda kwenye jiwe lile kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

"Anaendeleaje?"

"Anauliza paa," mke wangu alisema.

"Mwambie karibu."

"Nimemwambia. Anauliza karibu ni lini."

Kuta zilikamilika. Bati nilikuwa nimezipandisha mgongoni moja moja, zimekaa chini ya mti zimefunikwa kwa magunia. Gogo la mgongo wa paa nilikuwa nimeshalichagua, refu kuliko yote, limenyooka hadi raha kulitazama, nimelimenya na kulilaza kando ya ukuta. Hilo ndilo ambalo sikuweza kulipandisha. Kuta zilikuwa juu ya kichwa changu, na gogo lile lilitakiwa lipande juu zaidi ya kuta, likae katikati, likamatwe pande mbili kwa wakati mmoja. Nilijaribu kwa miti ya kuegemeza, nilijaribu kwa kamba mbili. Mara ya mwisho lilirudi likanipita karibu na goti, nikabaki nimeegemea ukuta. Jioni ile nilitembea hadi kwa mjomba. Nilifika hadi uani. Nilimsikia ndani anaongea na mkewe, akacheka kwa jambo fulani. Nikageuka nikarudi. Sikutaka kukataliwa mara ya pili na mtu anayecheka.

Kesho yake asubuhi simu iliita nikiwa nimesimama palepale kwenye jiwe, kwa hiyo sikuweza kuiacha iite. Mke wangu hakusalimia. Alisema mama alikuwa amekunywa uji, akauliza kama kule mlimani mvua inanyesha, na kabla hajajibiwa akawa ameondoka.

Nilishuka kwa mjomba kumpa habari. Kufikia hapo sikuwa na hasira, sikuwa na chochote. Alikuwa anafunga mbuzi. Akaiachia kamba, mbuzi akaenda zake, naye akakaa chini kwenye tope na kanzu yake. "Dada yangu," alisema. Alirudia hivyo hivyo.

Mchana gari lilipofika mwisho wa barabara, kijiji kizima kilikuwa pale. Sikuwahi kujua kwamba kijiji chetu kina watu wengi kiasi kile. Vijana waliokuwa na shughuli walikuwa hawana shughuli. Aliyeniita bwana kuni alilipokea jeneza kwanza, na mjomba akaweka bega lake mbele, akakataa kupokewa hadi juu. Mlima ule waliupanda kwa pumzi moja; mimi na gogo moja ungetuchukua wiki. Nilitembea nyuma nikiyatazama mabega yale. Kumbe mabega yalikuwepo.

Hapakuwa na nyumba nyingine ya mama ya kumwingizia. Wanawake walitandaza turubai juu ya kuta zangu, wakaingiza ndoo za maji na mikeka, wakamwosha humo. Mama akawa amelala kwake. Nilikaa nje kwenye gogo la mgongo wa paa, nikazisikia sauti zao ndani, na moyo ukaniuma kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Harufu ya mti mbichi ilikuwa kali. Sijui kama ningependa mtu aniambie kwamba marehemu anaisikia.

Wachimba kaburi walikuwa wameanza. Kijana mmoja alipita na panga akielekea kichakani kukata fito. Nikasimama.

"Fito hapana," nilisema.

Akanitazama, akamtazama mjomba. Mtu mmoja akasema kwa upole kwamba mbao hazipo hadi zifuatwe chini, na mvua ile inakuja, na maiti haisubirishwi. Alikuwa anasema kweli. Nikamwambia, "Gogo hili hapa. Msumeno upo kwenye mti ule."

Wote walijua ninachokisema, na wote walijua nani yupo anayeweza kushika upande wa pili. Mjomba alivua kofia akaiweka juu ya bati zangu, akavua kanzu akabaki na fulana na kikoi. "Tupa ya kunolea iko wapi?" aliuliza.

Vijana walilibeba gogo lile. Walilinyanyua kama watu wanaohamisha benchi. Wengine waliyazoa majani shimoni, wakalilaza gogo juu ya miti, mimi nikapiga mstari kwa uzi wa mkaa. Mjomba akashuka shimoni, polepole, akishikilia kingo.

"Mjomba, wewe simama juu," nilisema. "Nitashuka mimi."

"Una kifua," alisema.

Tukaanza. Mkaratusi mbichi unang'ang'ania, lakini yeye hakuwa amesahau kitu. Alikuwa anavuta bila pupa, anauachia urudi, kama alivyotufundisha. Unga ulikuwa unamwangukia kwenye mvi, kwenye nyusi, mdomoni. Ubao wa kwanza ukaachana na gogo. Nilikuwa nalia huku nafuata mstari, na mstari haukupinda. Katikati ya ubao wa pili alisimamisha msumeno. Nilidhani amechoka.

"Ningekuja siku ile," alisema kutoka chini, "saa hizi..."

"Vuta, mjomba."

Akavuta. Tulipata mbao za kutosha, tukazikata vipande, nikazipiga tezo haraka ili zisiwe na vibanzi. Mama alitolewa kupitia mlango wake, unaoangalia njia, na njia ilikuwa imejaa watu waliosimama pande zote mbili. Baada ya swala ya alasiri tukamzika karibu na kaka. Mbao zilikaa sawasawa. Mvua ilianza tulipokuwa tunarudisha udongo, na hakuna aliyekimbia.

Ilipofika siku ya tatu, baada ya dua, mjomba alisimama akasema nyumba ya dada yake haiwezi kubaki wazi hivi, mvua itaiozesha. Kuhusu wanangu hakusema kitu. Watu wakaitikia kwa sauti kubwa, wakawa na furaha kabisa, kama watu waliopewa njia ya kutokea. Asubuhi iliyofuata walikuja na mashoka na kamba. Wanawake walikuja na sufuria. Waliangusha mkaratusi mwingine, wakaumenya, wakauinua juu ya kuta huku wanaimba na kutukanana kwa utani, mmoja akaukalia kama punda. Waliniita nipande nao. Nikasema nina kizunguzungu, nikabaki nimekaa chini ya mti uliobeba msumeno. Walipigilia bati. Adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa bondeni walikuwa wanashuka kwenye ngazi, wanajifuta jasho, wanauliza kama chakula kimeiva. Kilichobaki siku zote zile kilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Walikula, wakanipa mkono mmoja mmoja, wakaondoka. Tukabaki mimi na mjomba, tumekaa kizingitini. Ndani kulikuwa kukavu. Njiani akapita mwanamke na mkungu wa ndizi kichwani, mgeni wa upande wa juu, sidhani kama alikuwa na habari ya msiba wetu. Aliona paa jipya na mlango ulio wazi, akapunguza mwendo, akasalimia kama mtu anavyosalimia nyumba yenye mwenyewe.

"Habari za hapa, mama mwenye nyumba yupo?"

Mjomba alinitazama, akisubiri nijibu mimi. Yule mwanamke akasimama kidogo, akarekebisha mkungu wake, akasema basi mtamsalimia, akaendelea kupanda.